Vichwa vya Treni Vilivyopita Voi, na Watu Waliosimama Kando Yake



Kamati iliponiomba niandike kurasa chache juu ya historia ya reli katika mji wetu, nilikubali kwa sharti moja: nisianze na simba. Simba wala watu wa Tsavo wameandikiwa vitabu, wametengenezewa filamu, na miili yao imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, tangu miaka ya 1920. Wametosha. Mimi nataka kuandika juu ya vichwa vya treni za mizigo: vilivyotufikia, waliovitazama, waliovipiga picha, na hasa wale wanaoonekana ndani ya picha hizo wamesimama kando ya gurudumu, wala hakuna aliyewauliza wanaitwaje.

Kazi yangu ni uhasibu. Mhasibu akifungua kitabu cha mtu mwingine, huanza kwa kutafuta kilichoachwa nje. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikusanya picha za treni zilizopigwa Voi na karibu na Voi, na nimezisoma kama ninavyosoma vitabu vya hesabu. Upande wa mashine umejaa vizuri mno. Upande wa watu ni mtupu. Hilo ndilo jambo lenyewe, na yanayofuata ni maelezo yake.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, kwa njia yenye upana wa mita moja. Kutoka pwani reli ilipita Mazeras na Mariakani, ikaingia nyika ya Taru, ambako adui mkubwa hakuwa mnyama wala mtu bali kiu. Kichwa cha treni cha mvuke hunywa maji kama ng'ombe wa msafara, na Taru haina maji. Ndiyo maana Voi ikawa Voi. Kilomita zipatazo 160 kutoka baharini, mto unaoshuka kutoka milima ya Taita unapita tambarare, na hapo wajenzi wakapata mahali pa kupumzisha watu na mitambo. Wazee wetu waliishi juu, Dawida, Sagalla na Kasigau, ambako kuna ukungu na mashamba. Huku chini palikuwa njia ya misafara na malisho. Reli ndiyo iliyogeuza tambarare kuwa mji. Machi 1898, Luteni Kanali Patterson alipofika Tsavo kujenga daraja, reli ilikuwa imekwisha kutupita. Tarehe 20 Desemba 1901 ilifika Kisumu, ambako wakati huo kuliitwa Port Florence.

Tangu mwanzo reli ilifuatwa na kamera. Mpiga picha William D. Young aliufuata ujenzi huo na kuacha picha nyingi za mataruma, madaraja, tingatinga za mbao na makundi ya vibarua. Patterson naye alipiga za kwake. Ukizitazama leo kwa kioo cha kukuzia, utaona kitu kile kile katika karibu kila moja: mitambo imesimama katikati, Mzungu yuko kando akiwa na kofia, na nyuma yao kuna watu wengi wanaotazama kamera moja kwa moja kama watu wanaosubiri kuitwa.

Hapa naomba niwaguse simba kidogo tu, kwa sababu ya hesabu. Patterson alichapa kitabu chake mwaka 1907. Humo anatoa idadi ya Wahindi walioliwa Tsavo: 28. Kisha anataja Waafrika, na kwao hatoi namba. Anasema tu kwamba walikuwa wengi, na kwamba hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa mtu mzima, mwenye shahada na leseni ya kazi, nikairudia mara tatu. Katika taaluma yangu tunalo jina la hali kama hiyo, na si jina zuri. Si kwamba waandishi wa reli hawakujua kuhesabu. Vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India waliandikwa, mikataba yao ikahifadhiwa, na vifo vyao, karibu 2,500, vikaingia katika taarifa. Kila kichwa cha treni kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na faili lake. Aliyekosa mstari kitabuni ni mtu wa hapa.

(Mfanyakazi mmoja wa reli aliyepata bahati ya kukumbukwa kwa jina ni Sayyid Baghali, aliyezikwa Mackinnon Road. Mnalijua kaburi lake, lile lenye msikiti kando ya barabara. Wasafiri husimama kuomba, na wazee husimulia kwamba karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake. Mtu huyo alikuja kujenga reli, na leo basi linasimama kwa ajili yake.)

Vita Kuu ya Kwanza iliifanya Voi kuwa njia panda. Wajerumani walikuwa wameshika Taveta, na kutoka huko vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani usiku kuja kulipua reli kati ya Voi na pwani. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandika njia mpya kutoka Voi kuelekea magharibi, Bura, Mwatate, Maktau, ili kupeleka askari, maji na mizinga. Februari 1916 walipigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita; mwezi uliofuata wakasonga mbele, na njia ikaendelea hadi Kahe, ikaungana na reli ya Wajerumani ya Tanga na Moshi. Hiyo ndiyo reli ya Taveta tuliyoirithi. Ililetwa na vita, na mkonge na mahindi vikafuata baadaye.

Lakini bei yake hatuisomi kwenye vibao. Agosti 1915 Wajerumani waliishambulia ngome ya Waingereza Kasigau. Waingereza wakawashuku wakaaji kwamba ndio walioonyesha njia. Nyumba zilichomwa, na watu wa Kasigau wakahamishwa hadi Malindi, wengi wao wakafa huko kwa homa na njaa. Waliobaki hawakurudi mlimani hadi miaka ya 1930. Shabaha ya Wajerumani ilikuwa reli. Walioadhibiwa ni watu ambao pengine hata tiketi moja hawakuwahi kukata. Kuna familia katika chama chetu zinazoijua habari hii kwa majina ya mababu, na ningependa siku moja ipate kijitabu chake peke yake. Hapa ninaitaja kwa sababu picha za mitambo ya wakati wa vita zipo, lakini safari ya kwenda Malindi sijaiona katika picha hata moja.

Sasa tuje kwenye vichwa vikubwa.

Mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya daraja la 59, vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kwa mtindo wa Garratt. Ambaye hajawahi kuona Garratt akifikirie hivi: chukua injini mbili kamili, ziweke zikipeana migongo, halafu kati yake ning'iniza boila moja kubwa. Mbele kuna tangi la maji, nyuma kuna mafuta mazito na maji zaidi. Kwa sababu boila halikukaa juu ya magurudumu, fundi aliweza kulifanya nene apendavyo, na kwa sababu mtambo una viungo viwili, ulipinda kwenye kona kama jongoo. Magurudumu 28. Uzito wa tani 252. Katika reli za mita moja duniani hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuliko hiki, na kazi yake kubwa ilikuwa hapa hapa, kati ya Mombasa na Nairobi, kupandisha treni ya tani zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu.

Vijana wanaoviona katika picha za zamani hudhani vilikuwa vyeusi. Havikuwa vyeusi. Vilipakwa rangi nyekundu iliyokolea, kama damu ya mzee, na baada ya safari moja ya Taru vumbi letu jekundu lilikuwa limeshaongeza koti la pili. Kila kimoja kilikuwa na kibao cha jina la mlima: Mount Kenya, Mount Kilimanjaro, Mount Longonot, Uluguru Mountains, Menengai Crater. Nimepitia majina yote 34. Hamna Vuria. Hamna Kasigau, hamna Sagalla. Treni zilipita chini ya Sagalla kila siku ya Mungu zikiwa na majina ya milima ya Uganda na Tanganyika, na hakuna aliyeinua macho dirishani. Wa karibu nasi kabisa ni namba 5930, Mount Shengena, mlima wa Upare, ng'ambo tu ya mpaka. Huyo yupo hadi leo, pamoja na 5918, Mount Gelai, katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Mkienda mjini na watoto, wapelekeni. Nendeni na mzee pia, kama yupo, muone atakavyoweka mkono juu ya chuma.

Jambo dogo la kuchekesha: kulikuwa na daraja jingine la Garratt, la 60, lililopewa majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru vibao vya magavana viling'olewa. Milima ikaachwa na majina yake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jina ni kitu kidogo. Shirika lilijua vizuri lilichokuwa likifanya lilipobandika na lilipobandua.

Kichwa cha namna hiyo hakijiendeshi. Kulikuwa na dereva na fayamani wake, aliyechunga moto na shinikizo la mvuke bondeni na mlimani. Katika safari ndefu zilikwenda timu mbili, moja kazini na nyingine ikilala katika behewa dogo lililofungwa kwenye treni, zikibadilishana njiani. Kulikuwa na gadi nyuma, wabadilisha njia, mafundi wa shedi, wapaka grisi, na magenge ya reli yaliyotembea na nyundo kukagua taruma moja moja. Kwa miaka mingi cheo kilifuata rangi ya mtu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika kwenye moto na grisi. Waafrika walioshika usukani, na ambao karibu na uhuru na baada yake wakawa wengi, walikuwa wamejifunza kazi kwa kumtazama mtu mwingine akiifanya, miaka nenda miaka rudi. Landhi zetu zilijaa watu hao. Watoto wao tulisoma nao. Mama zetu waliuza chai, mihogo na ndizi kwa abiria na kwa wafanyakazi wa treni, na walijua ratiba kuliko stesheni masta.

Miaka ya 1960 dizeli zilianza kuingia, na miaka ya 1970 habari zikaenea huko Ulaya kwamba Kenya ni moja ya sehemu za mwisho ambako mvuke mkubwa bado unafanya kazi ya kweli. Wakaja wapenzi wa treni na kamera zao. Kevin Patience, aliyeishi na kuandika huku, alichapa kitabu chake cha picha kuhusu mvuke wa Afrika Mashariki mwaka 1976. Mwaka uliofuata jumuiya ilivunjika, kila nchi ikachukua reli yake, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 daraja la 59 lilikuwa limepumzishwa.

Sitawasema vibaya wageni hao. Kama si wao, tusingekuwa na chochote. Walisimama juani, walingoja saa nyingi kwa treni moja, na waliandika kwa uangalifu ambao ninautamani kwa baadhi ya wateja wangu: namba ya kichwa, aina ya mzigo, saa, upande wa safari, hata aina ya filamu. Mtu aliyeandika kwamba moshi ulikuwa mwembamba kwa sababu fayamani alijua kazi yake alikuwa karibu kabisa kuuliza jina la fayamani huyo. Hakuuliza tu.

Kizazi changu hakikuuona mvuke. Sisi ni watu wa dizeli, na hasa wa vichwa vikubwa vya General Electric, vyenye namba zinazoanza na 93 na 94. Nilikuwa na daftari la kurasa 48 ambalo mama alidhani ni la hesabu, na kwa namna fulani alikuwa sahihi. Safu ya kwanza namba ya kichwa, ya pili mabehewa, ya tatu mzigo: matangi ya mafuta kwenda bara, makontena, ngano, magadi yakishuka Mombasa na unga mweupe ukiwa umeganda pembeni mwa behewa. Tuliokaa Mwakingali na Kaloleni tulitambua treni kabla haijaonekana. Ikitoka Mombasa na mzigo ilinguruma kwa shida kutoka mbali, na vikombe vilitetemeka kabatini. Ikishuka, ulisikia breki zaidi kuliko injini.

Kamera ilikuja baadaye, mkopo wa mjomba, filamu ya picha 36. Hapo ndipo nilipojua kwamba kupiga picha treni ni kazi ya hesabu na jua. Njia yetu inatoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi. Asubuhi jua linamwangaza usoni anayeshuka Mombasa. Anayepanda Nairobi unamngojea alasiri, na ukisimama upande wa kaskazini wa njia, Sagalla inakaa nyuma yake kama pazia. Mchana usijaribu, kila kitu huwa cheupe. Picha 36 zilitakiwa zitoshe likizo nzima, kwa hiyo hukubonyeza ovyo. Tena tulibonyeza kwa woga, maana stesheni ilihesabiwa mahali pa usalama, na askari mmoja aliyekuwa na zamu mbaya angeweza kukunyang'anya kila kitu. Rafiki yangu aliwahi kufunguliwa kamera mbele ya macho yake, filamu ikavutwa nje yote ikaangaza juani. Hakurudi tena kwenye reli. Nafikiri ni kwa sababu ya woga wa namna hiyo kwamba picha nyingi za stesheni yetu zilipigwa na watu wenye pasipoti za kigeni. Wao walikuwa na barua za kibali.

Hata hivyo si kweli kwamba watu wa Voi hawakupigwa picha na watu wa Voi. Picha zipo, ila haziko kwenye vitabu. Zimo ndani ya masanduku, chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za shamba. Wapiga picha wa mjini waliitwa stesheni siku dereva anapostaafu, siku bwana harusi anaposafiri, siku mtoto anapokwenda shule ya bweni. Mtambo ulikuwa pambo la nyuma, kama vile leo watu wanavyosimama mbele ya gari la jirani. Katika picha hizo mambo yamepinduka: mtu yuko katikati, nadhifu, kaptura imepigwa pasi, na kichwa cha treni kimekatwa namba. Mpenzi wa treni wa Uingereza angeitupa picha kama hiyo. Kwetu ndiyo nusu ya kitabu iliyokosekana.

Mwaka juzi nilipata nakala ya picha ya miaka ya 1970. Garratt ya daraja la 59 imesimama Voi, na wanaume watatu wako kando ya magurudumu ya mbele. Mmoja ameshika kopo la grisi, mmoja amejifunga kitambaa kichwani, wa tatu amegeuka kidogo kama mtu aliyeitwa. Maelezo ya chini yanataja namba ya kichwa na mwezi. Basi. Niliichukua simu yangu nikaenda nayo kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fayamani, ambaye sasa macho yake yamepungua. Nikaikuza picha. Alinyamaza muda, kisha akasema, “Huyu wa kitambaa ni mimi? Hapana, mimi sikuwa mrefu hivi.” Halafu akawataja wote watatu, jina na jina la baba, kijiji cha kila mmoja, nani alihamia Changamwe, nani alifia kazini na wapi. Alimtambua yule aliyegeuka kwa bega, maana alikuwa na kovu la kuungua kwa mvuke na hakupenda upande huo uonekane. Nusu saa ya maongezi ilijaza kile ambacho vitabu vya picha vya miaka hamsini havikujaza.

Majina hayo matatu nimeyaandika nyuma ya nakala kwa penseli. Siyachapi hapa kwa sababu familia moja bado hatujaiuliza.

Nimeirudia hesabu hii usiku mwingi. Fayamani aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1975 sasa amevuka 70. Waliokuwa madereva wakati huo wengi wamekwisha tangulia. Kila mwaka tunapokusanyika kwa mkutano mkuu tunasimama dakika moja kuwakumbuka waliotutoka, na kila mwaka ninajua kwamba katika orodha ile kuna majina mengine ishirini yamezikwa pamoja nao, ya watu waliokuwa wakiwafahamu peke yao.

Reli yenyewe imebadilika tena. Mwaka 2006 ilikodishwa kwa kampuni binafsi, na mkataba huo ukaisha 2017. Mwaka huo huo, tarehe 31 Mei, ikazinduliwa SGR, reli yenye upana wa milimita 1,435, na Januari 2018 treni zake za mizigo zikaanza kazi. Sasa vichwa vya DF8B kutoka China vinapita Voi, mara nyingi viwili pamoja, na makontena yasiyokwisha nyuma yake. Ni mtambo wa kupendeza, sikatai. Vijana wetu wanaupiga picha kwa simu, na baadhi ya picha zao ni bora kuliko zangu za filamu. Wamegundua sehemu ambako treni inatokea juu ya tuta wakati tembo wanapita chini kwenye kivuko chao, na ukiipata picha hiyo umeipata.

Lakini tofauti inaonekana hata ndani ya picha. Njia imeinuliwa, imezungushiwa ua, na anayepiga picha anasimama mbali. Hakuna mtu kando ya gurudumu. Treni ya mvuke ilikuwa lazima isimame hapa. Dizeli ya zamani ilikuwa na sababu ya kusimama. Treni ya mizigo ya SGR inapita, na kwa kadiri ninavyoona haina shughuli na mtu wa Voi. Wenye hoteli na gereji za kando ya barabara waliona athari yake wakati makontena yalipolazimishwa kwenda kwa reli na malori yakapungua. Hilo ni suala la uchumi, na chama kimelijadili kwingine. Ninachosema hapa ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu 1898 inawezekana kupiga picha treni ndani ya Voi isiwe na mtu wa Voi hata mmoja, na picha hiyo ikawa ya kweli.

Reli ya zamani haijafa. Treni chache bado hupita, na zile landhi bado zina watu. Kwa hiyo kazi ambayo kamati imeikubali mwaka huu inawezekana, ila haingoji. Sehemu ya michango itakayopatikana kupitia kijitabu hiki itanunua mashine ya kunakili picha, kompyuta moja na kabati la chuma, na kuwalipa nauli vijana wawili watakaozunguka na kinasa sauti kwa wazee wa reli, kuanzia Voi mjini hadi Mwatate, Maktau na Taveta. Bajeti iko ukurasa wa mwisho, nimeikagua mwenyewe, na atakayetaka risiti atazipata.

Pesa ni nusu ya mchango. Nusu ya pili iko kwenye masanduku yenu. Msizing'oe picha zilizogandishwa kwenye albamu, zitachanika. Leteni albamu nzima. Msiandike nyuma kwa kalamu ya wino, tumieni penseli laini: jina la kila mtu kutoka kushoto kwenda kulia, kazi yake, mahali, na mwaka hata kama ni wa kukisia. Kama hamjui jina, andikeni mnachojua, mfano “yule aliyeishi nyumba ya pili landhi, aliyekuwa na baiskeli”. Kuna mtu atakayemtambua. Picha itanakiliwa mbele yenu na kurudishwa siku hiyo hiyo. Walio Nairobi, Mombasa na ng'ambo wanaweza kuzipeleka kwa mwakilishi wa tawi lao. Vyeti vya kustaafu, vitambulisho vya kazi, beji za kofia na ratiba za zamani pia tunazihitaji.

Siku ya mkutano mkuu meza ya picha itawekwa karibu na meza ya ada ya uanachama, upande wa kivulini. Ile picha ya wanaume watatu itakuwa hapo, na zingine kumi na saba ambazo bado hazina majina. Njooni na wazee mapema, kabla hotuba hazijaanza.